Clive anapigana vizuri, lakini wenzake wako wapi?

Ugomvi wa mashabiki wa Final Fantasy una umri unaokaribia wa gemu yenyewe. Kila namba mpya ikitoka, hujitokeza kundi la watu wazima, wenye kazi, watoto na madeni, likatangaza kwamba mfululizo umekufa. Walisema hivyo mwaka 2001 wahusika wa namba ya kumi walipoanza kusikika wakizungumza kwa sauti. Wakasema tena mwaka 2002 namba ya kumi na moja ilipohamia mtandaoni, wakarudia 2006 na 2009. Kichekesho ni kwamba gemu iliyotangaziwa tanzia huja kupendwa miaka michache baadaye, pindi mpya inapoingia sokoni kupokea matusi yake.

Kwa hiyo malalamiko kuhusu Final Fantasy XVI ni rahisi kuyapuuza. Gemu hiyo ya kampuni ya Square Enix ya Japani ilitoka Juni 22, 2023 kwa mashine ya PlayStation 5 pekee, na kabla wiki haijaisha ilikuwa imeuza nakala milioni tatu. Wahakiki waliipokea vizuri. Wastani wa alama zao kwenye Metacritic ni 87 kati ya 100. Aliyenuna na anune.

Lakini safari hii wanaolalamika hawafanani na wale wa zamani. Shabiki wa siku nyingi anaimaliza gemu hii, anaisifia kwa wenzake, anakiri kwamba baadhi ya mapigano yake hajawahi kuona mfano, halafu ananyamaza kidogo na kusema kuna kitu hakipo. Mtu wa namna hiyo hafai kuitwa mzee anayeogopa mabadiliko. Ameonja chakula chote, amekisifu, na bado analo la kusema.

Ili kumwelewa inabidi kurudi Desemba 18, 1987, siku ambayo Hironobu Sakaguchi na wenzake katika kampuni iliyoitwa Square walitoa Final Fantasy ya kwanza kwa mashine ya Famicom ya Nintendo. Mchezaji aliongoza mashujaa wanne. Adui walisimama upande mmoja wa skrini, mashujaa upande wa pili, na kila mmoja alisubiri zamu yake. Aliyeshika mashine alikaa kama mcheza bao: anahesabu kete zake na za mwenzake, anapima hasara ya hatua tatu mbele, kisha ndipo mkono unakwenda shimoni. Mwaka 1991, katika namba ya nne, mbunifu Hiroyuki Ito aliongeza kipimo cha muda kinachojaa polepole, hivyo anayekawia kuamua anapigwa. Hata hapo, akili ndiyo iliyotangulia vidole.

Kisha ikaja Final Fantasy VII, Januari 31, 1997, kwenye PlayStation ya kwanza, ikiwa imegawanywa katika diski tatu. Hapo ndipo sehemu kubwa ya dunia ilipoingia, Afrika Mashariki ikiwemo. Na hapa kwetu mapenzi haya yalikuwa ya nyumbani zaidi kuliko ya kibandani. Kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa biashara ni mpira na ngumi: unalipia mechi, unashinda au unafungwa, unampisha mwingine. Hadithi ya makumi ya saa, inayotaka kumbukumbu yako ihifadhiwe kwenye memori kadi ambayo hakuna mtoto mwingine ataigusa, haikuwa na nafasi pale. Aliyeipenda Final Fantasy alikuwa na mashine yake, au ya binamu mwenye subira, na alisoma maandishi ya Kiingereza dirisha baada ya dirisha kwa kuwa sauti hazikuwepo. Upweke huo ulifidiwa na kikosi kilichokuwa ndani ya skrini: Cloud na upanga wake mkubwa kuliko yeye, Tifa, Barret mwenye bunduki mahali pa mkono, Aerith ambaye kifo chake kimeliza watu ambao hawakuwahi kulia sinemani.

Wenzi hao walikuwa mali ya mchezaji. Yeye ndiye aliyeamua nani atakuwa mganga na nani atatangulia kupokea mapigo, nani apewe silaha mpya pesa zikiwa chache, nani aachwe nyuma. Kumpoteza Aerith kuliuma mara mbili: moyo uliuma, na mpango mzima wa vita nao ukaharibika.

Sasa tuingie katika XVI. Mtayarishaji wake ni Naoki Yoshida, ambaye wapenzi wa mfululizo huu wanamheshimu kwa sababu nzuri: mwaka 2010 namba ya kumi na nne, ya mtandaoni, ilianguka vibaya, naye akaichukua, akaibomoa na kuirudisha ikiwa mpya Agosti 2013. Mwongozaji ni Hiroshi Takai. Mapigano alikabidhiwa Ryota Suzuki, aliyetoka Capcom ambako alikuwa amefanya kazi kwenye Devil May Cry 5. Ajira hiyo peke yake ilitoa taarifa kamili kuhusu gemu itakayokuja. Humwiti mtu wa Devil May Cry ili aje kutengeneza mapigano ya kusubiriana.

Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Suzuki ameifanya kazi yake. Clive Rosfield, mhusika mkuu, ni mmoja wa watu wanaofurahisha zaidi kuwaongoza kwa padi. Anabeba nguvu za majitu yaitwayo Eikon, matatu kwa wakati mmoja, na kila moja linampa tabia yake. Kwa nguvu za Phoenix anaruka kama cheche hadi mbele ya uso wa adui. Garuda inamvuta adui aje mwenyewe. Titan inamwezesha kuzuia pigo la jitu kwa ngumi ya mawe na kulirudisha pale pale. Mchezaji akishazoea kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine katikati ya pigo, Clive hagusi ardhi tena. Adui mkubwa ana mstari wa ustahimilivu; ukiisha, anapiga magoti, na sekunde chache zinazofuata ni za kumwaga kila ulichokuwa umekihifadhi. Mpangilio huo wa kusubiri, kujaza na kumwaga una mvuto usiochosha kwa saa nyingi.

Halafu kuna mapigano ya majitu yenyewe. Clive anapogeuka jitu la moto Ifrit na kukabiliana na Titan, mlima mzima unageuka kuwa mwili wa adui, na vita vinaendelea mpaka mchezaji anajiuliza kama wabunifu wamesahau kuvimalizia. Bahamut ndiyo kabisa: ugomvi unaanza ardhini na kuishia juu ya anga, dunia ikionekana chini. Muziki wa Masayoshi Soken unabeba yote hayo kwa kwaya na vinanda, na Desemba 2023 ulishinda tuzo ya muziki bora katika The Game Awards. Hakuna shabiki mwaminifu atakayesema alikaa kwenye kochi bila kusisimka.

Tatizo linaanza pale vumbi linapotulia na mtu akajiuliza ameamua nini katika vita alivyotoka kuvishinda.

Chukua mfano mdogo ambao kila mkongwe ataukumbuka. Katika mfululizo huu kuna adui wa zamani aitwaye Bomb, donge la moto lenye macho na meno. Kwa miongo, somo lake la kwanza kwa mchezaji mpya lilikuwa kwamba moto haupigwi kwa moto: ukimtupia uchawi wa moto anapona, anavimba, mwishowe analipuka na kukuondoa. Tumia barafu. Hivyo ndivyo watoto walivyofundishwa kwamba ulimwengu wa gemu una kanuni na kwamba kuzijua kunalipa. Katika XVI, Bomb yupo bado. Mchome kwa moto wa Phoenix, atakufa sawasawa na ambavyo angekufa kwa barafu ya Shiva au radi ya Ramuh. Aina ya uchawi ni rangi ya mwanga kwenye skrini. Hakuna sumu ya kuogopa, hakuna upofu, hakuna kubebwa na usingizi. Yale mabaya yote ambayo zamani yalikulazimisha kubeba dawa begani na kumchagua mganga sahihi yameondolewa.

Silaha nazo zimepata ugonjwa huo huo. Upanga mpya una namba kubwa kuliko wa zamani, unauvaa, basi. Hakuna wa kujiuliza kama uuze huu ununue ule, au umpe nani. Mhunzi yupo, malighafi unaokota njiani kwa wingi, na unamtembelea kwa adabu tu.

Kuhusu wenzi, hapo ndipo roho ya mkongwe inapouma zaidi. Clive hatembei peke yake. Karibu kila safari ana mtu pembeni: Cid mwenye sauti nzito na mdomo mchafu, Jill Warrick, Joshua, Gav. Wanapigana, wanazungumza, wanaonekana vizuri. Mchezaji hawezi kumwambia hata mmoja wao afanye nini. Hawezi kuwavisha, hawezi kuwachagua, hawahitaji uangalizi na hawafi. Kiumbe pekee anayepokea amri ni Torgal, mbwa. Torgal ni mbwa mzuri ajabu, unaweza kumpapasa kichwa, na kwa haki kabisa amekuwa kipenzi cha watu. Lakini katika mfululizo uliojengwa juu ya kikosi, kubaki na mbwa peke yake ni hesabu ya kusikitisha.

Jill anaumia zaidi ya wengine. Yeye ni mwenye Eikon ya Shiva, mwanamke aliyetekwa na Ufalme wa Chuma na kulazimishwa kuua vitani kwa miaka mingi. Hadithi inampa siku moja ya kulipiza kisasi, nayo ni kati ya sehemu zenye nguvu katika gemu nzima. Baada ya hapo anarudi kutembea nyuma ya Clive, na mwishowe anampa nguvu zake. Kama mchezaji angeruhusiwa kumwongoza hata kwa sura moja, pengine waandishi wangelazimika kumtafutia kazi.

Wasimamizi wa gemu wana utetezi, na sehemu yake ina mantiki. Kabla ya kutoka, Yoshida alieleza kwenye mahojiano kwamba yeye mwenyewe alikulia katika mapigano ya kuchagua amri kwenye orodha na anayaelewa vizuri, ila vijana wengi wa leo hawaoni raha yake, hasa picha zinapokuwa halisi kiasi hiki. Mtu mwenye sura ya mtu, jasho likimtoka, amesimama akimsubiri adui amalize zamu? Inachekesha, alisema kwa maneno mengine. Pia alikuwa na jukumu la kuuza gemu iliyokuwa ghali kuitengeneza kwa watu ambao hawakuzaliwa mwaka 1997.

Bahati mbaya kwa hoja hiyo, kalenda haikumsaidia. Wiki sita baada ya XVI, Agosti 3, 2023, studio ya Larian ya Ubelgiji ilitoa Baldur's Gate 3, gemu ya zamu tupu, watu wenye sura za watu wakisubiriana kwa heshima. Ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 2020, wenye Yakuza walikuwa wameshafanya kinyume cha Square Enix: waliuchukua mfululizo wa ngumi za papo kwa papo wakaugeuza kuwa wa zamu, na wateja wakaufuata. Kisha Aprili 24, 2025, studio changa ya Sandfall kutoka Montpellier, Ufaransa, ikatoa Clair Obscur: Expedition 33. Kiini cha timu hiyo ni watu kama thelathini, waliokulia kwenye Final Fantasy na wasioficha hilo. Gemu yao ni ya zamu, picha zake ni halisi, na inamtaka mchezaji akwepe pigo kwa wakati sahihi hata pale zamu inapokuwa ya adui. Iliuza nakala milioni 3.3 kwa siku 33, nayo ikaondoka na tuzo ya gemu bora ya mwaka huo. Mmoja wa waigizaji wake wakuu ni Ben Starr, mtu yule yule aliyempa Clive sauti. Riwaya ingekuwa na sadfa kama hiyo, mhariri angeifuta.

Hata hivyo, ni kosa la wakongwe kuushikilia ugomvi wa zamu dhidi ya papo kwa papo, na wengi wao wameganda hapo. Zamu haikuwa kiini. Kiini kilikuwa maamuzi yenye gharama. Ushahidi uko ndani ya nyumba hiyo hiyo ya Square Enix, katika Final Fantasy VII Remake ya Aprili 10, 2020 na mwendelezo wake Rebirth wa Februari 29, 2024. Hizo nazo ni gemu za papo kwa papo: unakimbia, unakata, unakwepa. Ila kipimo cha muda cha Ito kimerudi. Kikijaa, unafungua orodha, dunia inapunguza mwendo hadi karibu kusimama, na unachagua. Barret ndiye anayefaa kwa adui anayeruka, Tifa ndiye wa kumvunja aliyepiga magoti. Moto una maana, barafu ina maana. Unaruka kutoka mwili mmoja hadi mwingine katikati ya vita, na kila mwenzi ana sababu ya kuwepo. Vidole vimefanya kazi, na kichwa pia. Timu ya Yoshida ilikuwa na mfano huo jirani yake miaka mitatu kabla, ikaenda njia yake.

Jambo moja ambalo XVI imelifanya vizuri kwa wakongwe linastahili kutajwa kwa sababu halisemwi sana. Tangu mwanzo mchezaji anapewa mapambo matano ya kusaidia: moja linapunguza mwendo wa dunia pigo linapokaribia, jingine linakwepa kwa niaba yako, jingine linapanga mapigo ya kuvutia kwa kitufe kimoja, moja linamwongoza Torgal, na moja linakunywesha dawa. Mtu wa miaka arobaini na kitu ambaye vidole vyake si vya 1997 anaweza kuvaa hata moja tu na kuendelea na hadithi bila aibu. Huo ni ubunifu wa ukarimu. Ajabu ni upande wa pili: anayetaka ugumu wa kweli analazimika kwanza kuimaliza gemu yote, ndipo ngazi ngumu ifunguliwe. Kwa maana hiyo mchezaji hodari anapita saa kama 35 za hadithi kuu akicheza na adui ambao hawamsumbui.

Hadithi yenyewe inaleta hisia mseto za aina nyingine. Valisthea ni ulimwengu unaoishi kwa fuwele kubwa zinazotoa uchawi, na uchawi ndio unaowasha moto jikoni na kuchota maji kisimani. Ardhi nayo inakufa kidogo kidogo. Cid amegundua kwamba fuwele hizo ndizo zinazoinyonya, hivyo anaunda kundi la kuzivunja, huku akijua kwamba kijiji kitakachobaki bila fuwele kitapata taabu kesho yake asubuhi. Ni mada ya watu wazima, na gemu haikimbii matokeo. Yoshida alikiri kwamba aliwataka wakuu wa timu yake watazame Game of Thrones, na inaonekana: falme zinasalitiana, mama anamuuza mwana, damu na matusi vipo vya kutosha. Hii ni Final Fantasy ya kwanza katika namba kuu iliyowekewa alama ya watu wazima Marekani. Mzazi anayemnunulia mtoto kwa sababu ya jina azingatie hilo.

Katikati ya ulimwengu huo kuna watumwa. Wanaozaliwa na uwezo wa kufanya uchawi bila fuwele huchanjwa alama usoni kwa wino wenye sumu, kisha hutumika hadi miili yao inageuka jiwe. Clive mwenyewe anaishi na alama hiyo kwa miaka 13. Sehemu bora ya maandishi yote haipo katika vita vya majitu. Ipo katika kazi ndogo ya pembeni, ambapo mtoto wa tajiri anamwomba Clive amtafutie kipenzi chake Chloe aliyepotea. Unamtafuta ukidhani ni mbwa au paka. Chloe ni mtumwa, na unamkuta ameshauawa na mbwa mwitu. Mtoto anapopewa habari, hahuzuniki. Atapatiwa mwingine.

Msomaji wa pwani yetu, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na vizazi vya waliouzwa bado vipo, hahitaji kuelezwa kwa nini dakika hizo tano zinakaa kichwani kuliko Bahamut. Ndiyo maana inasumbua kwamba gemu haina ujasiri wa kukaa na wahusika hawa. Wanaoteswa wana majina machache na maneno machache zaidi. Hadithi inawahurumia, kisha inarudi mbio kwa wafalme na majitu. Na nyuso zote muhimu ni za Kizungu. Novemba 2022 Yoshida aliulizwa kuhusu hilo na tovuti ya IGN, akajibu kwamba Valisthea imeegemea Ulaya ya zama za kati na kwamba dunia hiyo imejitenga kijiografia. Jibu hilo halikuwaridhisha wengi, na halipaswi. Ulimwengu wenye mazimwi, mashujaa wanaogeuka moto na ndege wakubwa wanaopandwa kama farasi umeshindwa kumweka mtu mweusi mmoja mwenye uzito, ilhali mfululizo huu huu ulikuwa na Barret mwaka 1997 na Sazh mwaka 2009. Kuandika kuhusu utumwa wa alama za mwili na kisha kuwaacha nje hata wanaofanana na Waafrika ni uamuzi, na wenye kuufanya wanapaswa kuujibia.

Kuhusu kazi za pembeni nyinginezo, kwa ufupi: nyingi ni za kujaza muda. Mapema kabisa, mtu ambaye ndani yake kuna jitu la moto anaombwa kuwapelekea watu sahani za mchuzi. Zinakuwa nzuri kadiri mwisho unavyokaribia, lakini kufika huko kunataka moyo. Afueni ipo katika kitu kimoja ambacho kila gemu ndefu ingepaswa kukiiga kesho: katikati ya mazungumzo yoyote, bonyeza kitufe, tukio linasimama, na kadi fupi zinakukumbusha huyu ni nani, ufalme huu uko wapi, ugomvi huu ulianzaje. Kwa mtu anayecheza saa moja usiku baada ya kazi na kurudi baada ya siku nne, hiyo ni zawadi.

Pesa nayo inaingia katika hukumu. Bei ya kutoka ilikuwa dola 69.99, zaidi ya Sh150,000 za Tanzania au karibu Sh10,000 za Kenya kwa viwango vya wakati huo, juu ya mashine iliyoanza kuuzwa kwa dola 499. Kwa mwaka mmoja na zaidi hapakuwa na mlango mwingine. Mei 2024 Square Enix ilitangaza kwamba itapeleka gemu zake kwenye mashine za aina nyingi badala ya kujifunga kwa moja. XVI ikafika kwenye kompyuta Septemba 17, 2024 na kwenye Xbox Juni 8, 2025. Wakongwe wengi wa huku, wenye kompyuta ya kazini na si PlayStation 5, wamekutana nayo ikiwa imechelewa hivyo, kelele za mwanzo zikiwa zimeshapoa. Huenda hiyo ndiyo njia nzuri ya kukutana nayo.

Hukumu ya haki ni kwamba Final Fantasy XVI ni gemu bora ya mapigano iliyobeba jina ambalo liliahidi kitu kipana zaidi. Anayetaka kuona majitu yakipigana, kusikia muziki mkubwa na kumfuata Clive hadi mwisho wake mzito, atatosheka. Anayetafuta wenzi wa kuwaongoza na uamuzi utakaomnyima usingizi, aelekee Rebirth au Clair Obscur, na asijisikie msaliti.

Kwa ambaye bado hajaamua, Square Enix iliweka demo ya bure kwenye PlayStation 5 na kwenye kompyuta. Inachukua kama saa mbili, inafika hadi usiku ambao familia ya Clive inavunjika, na ukinunua gemu kamili unaendelea pale ulipoishia. Ipakue hiyo kwanza kabla hujatoa pesa yako.